Kamati ya Kupandisha Mshale

Wananchi wote wanaarifiwa kwamba Mamlaka ya Maji Yaliyokwisha Kutumika imefuta rasmi uvivu wa machujio. Ndivyo lilivyosema tangazo getini. Lilipigwa muhuri mara mbili, maana ule wa kwanza ulitoka hafifu. Nami nilikuwemo kwenye kamati iliyolipitisha, nikiwakilisha pua za mtaa unaopakana na mtambo.

Nieleze mtambo wenyewe, kwa kuwa wengi huupita mbio. Maji ya vyooni huingia kwenye tangi kubwa lililofunikwa, hewa haipiti. Humo wamo vijidudu wasiotaka hewa. Wanakula uchafu na kutoa gesi. Katikati yamening'inizwa machujio, mapana kama shuka za kitanda cha mtoto, na pampu hunyonya maji kupitia humo yatoke safi. Kazi iko hapo, maana uchafu hugandia chujio kama ukoko wa sufuria. Kwa hiyo fundi, ambaye ni binti yangu wa pili, huzima pampu dakika chache, akaachia mapovu ya gesi yayasugue machujio, halafu akawasha tena.

Siku moja Mkurugenzi akapita, akakuta pampu iko kimya.

"Hii nayo imelala?"

"Inapumzika, bosi. Machujio yanasuguliwa."

"Saa nne asubuhi? Kwa ruhusa ya nani?"

Ndipo kamati ikaundwa, na ikaamua kwamba mali ya umma haipumziki saa za kazi. Keshoyake tu, mshale wa geji iliyo ubavuni mwa pampu ukapanda. Mkurugenzi akaugonga kwa kucha.

"Mnaona? Jana ulikuwa huku chini."

Katibu akaandika: umepanda. Tukapiga makofi. Tukapitisha kwamba mshale ndio kipimo cha maendeleo, na fundi atakayeuacha ushuke kazi hana.

Jioni binti yangu alikuwa anakunja nguo za wanawe, mimi nashona kifungo.

"Mama, ule mshale unaonyesha pampu inavyohangaika. Ni kama kunyonya uji kwa mrija. Donge likiziba, unanyonya mpaka mashavu yanabonyea, na uji hauji."

"Umemwambia bosi?"

"Nimemwambia. Kasema mimi ni mtu wa kukatisha tamaa."

"Basi usiwakatishe watu tamaa. Una watoto."

"Na machujio yakifa, Mama, unadhani atasema nani kayaua?"

Nikamjibu kwamba mambo ya kamati hayajadiliwi jikoni. Ila sindano ilinichoma mara mbili kwa kifungo kile kimoja.

Mshale ukafika penye rangi nyekundu. Mjumbe mmoja akauliza kama nyekundu si hatari. Akaeleweshwa kwamba hata zulia la wageni ni jekundu. Ulipogota mwisho, tukanunua geji kubwa zaidi ili maendeleo yapate nafasi. Maji safi sasa yalitoka kwa matone, na Katibu akaliweka vizuri: mtambo umeanza kujali ubora kuliko wingi.

Akaalikwa Waziri, mama mfupi mwenye mkoba mkubwa. Turubai likafungwa, bomba jipya likavishwa utepe. Mkurugenzi akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mafanikio haya ni yangu. Wazo langu, amri yangu, usimamizi wangu. Fundi yule pale alinipinga tangu siku ya kwanza."

Watu wote wakageuka. Binti yangu akaangalia viatu vyake.

Waziri akakata utepe, akafungua bomba. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akalizungusha mpaka mwisho.

"Maji yako wapi?"

"Mheshimiwa, mshale uko juu kuliko wakati wowote."

"Siogi mshale, ndugu yangu."

Mkurugenzi akafuta jasho. "Huenda machujio yameziba kidogo. Fundi, njoo umweleze Mheshimiwa ulichokifanya."

"Si umesema sasa hivi kwamba alikupinga?"

"Alipinga kwa ujumla tu, Mheshimiwa."

"Na amri ilikuwa ya nani?"

"Amri, kwa kweli, kamati ndiyo..."

Wanakamati tukaanza kukagua mishono ya turubai. Ilikuwa imara. Lakini niliona binti yangu amekunja kitambaa chake cha mkononi mpaka kimekuwa kama kokwa, nikasimama.

"Mheshimiwa," nikasema, "sisi kamati hatuna tabia ya kumnyang'anya mtu mafanikio yake."

Katibu akaunga mkono. Wajumbe wote wakaunga mkono. Sijawahi kuona kamati yetu ikikubaliana upesi namna ile.

Waziri akamgeukia binti yangu. "Yanasafishwaje?"

"Yanatolewa tangini, Mheshimiwa, yanaoshwa kwa sponji, moja moja, polepole yasichanike."

"Basi mwenye mafanikio na aoshe." Akavuta kiti kivulini, akafungua soda.

Binti yangu akaitoa gesi kwanza, kisha mafundi wakanyanyua machujio, meusi, yanateleza kama bamia. Mkurugenzi alipewa ndoo na viatu vya mpira vya kuazima, vikambana. Tai aliitupa begani. Kamati ikakutana pale pale, wima, ikampongeza kwa kushuka hadi ngazi ya chini.

Alisugua mpaka shati likamgandia mgongoni. Akainua kichwa.

"Fundi, yamebaki mengi?"

Binti yangu akainama, akapitisha kidole juu ya chujio, akakitazama.

"Hilo ni la kwanza, bosi. Ligeuze."