Marehemu Alitoka na Kiti

Ndugu zangu mlioko Tabora, leo nimeadhirika. Si kidogo. Nimeadhirika mbele ya shehe, mbele ya padre na mbele ya kuku. Nawaandikia jioni hii hii, kabla habari haijapanda gari la moshi kuja huko yenyewe, maana watu wa Temeke nawajua. Wataipamba.

Mnajua mie nashonea barazani kwa Mhindi. Mnajua pia (nimewaandikia mara tatu, hamkunijibu) kwamba watu wa mtaa wetu, Waislamu na Wakristo, wameamua kuunda chama kimoja cha kusaidiana. Mtu akiugua, akifiwa, nyumba ikimuungulia, dini yake isiulizwe. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kasema chama lazima kiandikishwe, kwa hiyo lazima kiwe na katibu. Na katibu huyo nilitaka niwe mie. Sina haja ya kuficha. Wiki ya pili hii nilikuwa nafanya mazoezi ya kutia sahihi.

Watu wangu wa kunipigia debe walikuwa wawili tu, lakini wazito. Wa kwanza Mzee Kondo, Mzaramo, mwenyeji wa mtaa. Akisema yeye, Waislamu wote wamesema. Wa pili Mwalimu Petro, anayefundisha dini kwetu Wakristo. Padre hanyanyui mguu bila kumwuliza. Wote wawili waliniahidi, na sababu ni kwamba nawatunzia siri.

Siri yenyewe hii. Kila siku alasiri wazee hawa hukutana nyuma ya banda la kuku la Mzee Kondo, wakacheza bao. Mzee Kondo humwambia Shehe kwamba msikitini hafiki, kiuno kinamuuma. Mwalimu Petro humuaga Padre kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa. Mgonjwa ndiye Mzee Kondo! (Na kumtazama anamtazama kweli. Hambandui jicho, asije akaiba kete.) Mie nilikuwa nakaa pembeni nikishona vifungo na kuamua ugomvi. Nje ya sie watatu, hakuna aliyejua.

Mpinzani wangu alikuwa Bwana Daudi, karani wa reli. Mpole, mwandiko safi, hana kasoro hata moja. Ndiyo maana simpendi. Basi juma lililopita Bwana Daudi huyo akaniletea kitambaa nimshonee koti. "Fundi," akasema, "nalitaka siku ya mkutano." Jana nikalimaliza. Nikalivaa kidogo, kuangalia tu kama mabega yamekaa. Jamani, yalikaa! Nikajitazama kwenye kioo cha Mhindi, nikamwona katibu.

Leo asubuhi, saa nne, namwona Bwana Daudi huyo anakuja. Nikaruka mpaka stoo, nikajikunyata nyuma ya magunia ya mchele. Fundi mwenzangu nilikuwa nimemwachia neno, akalisema vizuri: "Koti lako? Bado vifungo." (Watu husema sie mafundi ni waongo. Si kweli. Vifungo huwa bado siku zote, wateja ndio hawataki kuelewa.) Alipoondoka sikutoka. Nikangoja kwanza. Mara nikasikia mtu mwingine anaita jina langu pale barazani, mara mbili, mara tatu, anasema ana habari za mkutano. Nikajisemea, aa, huyo katumwa na Daudi, nitoke nidaiwe koti? Nikanyamaza na magunia yangu. Mtu akaondoka na habari zake.

Saa kumi na nusu, baada ya watu kuswali, nikalivaa koti nikaenda kwenye banda la shule, ndipo tulipopatana kukutana. Nikafika. Banda limejaa maji. Mvua ya jana yote imelala mle ndani. Watu hakuna. Bata wawili wanaogelea walipopangiwa kukaa wazee. Nikasimama nikingoja, nikakohoa kikatibu, bata wakanitazama. Nikaona basi, mkutano umevunjika, dini zimeshindwana kabla hazijaonana. Nilisikitika. (Kwa ajili ya dini. Na koti pia.)

Nikarudi kwa njia ya kwa Mzee Kondo, nikamweleze. Kukata kona, nikasimama ghafla.

Mikeka imetandikwa kuanzia barazani mpaka njiani. Wanaume wamejaa, wenye kanzu huku, wenye kaptura huku, wote vichwa chini. Kimya! Hata wa kukohoa hakuna. Uani moshi unapanda, masufuria makubwa ya kuazima yako motoni. Bi Chausiku, mkewe Mzee Kondo, kasimama dirishani anajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Shehe yupo. Padre yupo. Mwalimu Petro yupo, kafumba macho, midomo inamcheza. Asiyekuwepo ni mmoja tu, mwenye nyumba.

Nikamshika mwanamke aliyekuwa anapita na ndoo. "Kuna nini kwa Mzee Kondo?"

"We unatoka wapi?" akaniambia. "Mtaa mzima uko huko tangu saa ile, Shehe na Padre wameketi mkeka mmoja, wewe unauliza?"

Nikajua. Shehe na Padre kuketi mkeka mmoja, hapo lazima mtu kafa. Masikini Mzee Kondo! Kumbe kiuno kilikuwa cha kweli! Mzee alikuwa anaumwa, sie tunacheka. Nililia, ndugu zangu. Sikuigiza, machozi yalinitoka pale njiani na koti la watu.

Halafu nikakumbuka wajibu. Nyie Wanyamwezi wenzangu sina la kuwafundisha. Mzaramo akifa, mtani wake ni sie. Wenyewe wakilia, sie tunamwiga marehemu, tunamtukana kidogo, tunalala njiani maiti isipite mpaka tupewe kitu. Msiba usio na mtani ni aibu ya marehemu. Nikaangalia pale, mtani hayupo hata wa dawa! Mzee wangu anazikwa kimyakimya kama mtu asiye na kwao? Nikasema, haiwezekani, na mie nipo.

Nikaingia mbio, nikajitupa chali katikati ya mikeka.

"Hazikwi mtu hapa!" nikapiga kelele. "Hazikwi mpaka nipewe jogoo! Marehemu huyu alikuwa mchoyo, hata kikohozi akikohoa alikuwa anakimeza tena!"

Watu wakafumbua macho. Hakuna aliyecheka. Nikaona msiba huu umewaelemea, hawa wanataka dawa kali zaidi.

Nikainuka. Nikashika kiuno, nikaanza mwendo wa Mzee Kondo, ule wa kujikokota. Nikaenda mpaka mbele ya Shehe. "Shehe wangu, leo alasiri nisamehe, kiuno!" Kisha nikapiga hatua mbili nyuma ya nguzo, mkono ukatoka kiunoni, nikakimbia kama mwana mbuzi. "Petro! Petro! Leta bao, Shehe keshapita!"

Mwalimu Petro alikuwa ananitikisia kichwa, jicho limemtoka. Nikadhani ni majonzi. Nikamgeukia.

"Na wewe Mwalimu, kakuachia nani? Kesho utamuaga Padre unakwenda kumtazama mgonjwa gani? Mgonjwa wako ndiye huyo kafa! Mgonjwa anayefagia kete zote kwa zamu moja, utampata wapi mwingine?" Hapo sauti ikanikatika, nikalia tena kweli.

Mlango wa nyumba ukafunguliwa. Marehemu akatoka amebeba kiti.

"Padre, niwie radhi, kiti kilikuwa uvunguni, nimekitafuta wee..." Akaniona. Akakiweka kiti chini polepole. "Mtani wangu, unalia nini? Nani kafa?"

Nikatafuta jina la mtu mwingine yeyote, sikulipata.

"Wewe," nikasema.

Aliyenieleza ni Bwana Daudi, tena kwa upole, kama desturi yake mbaya. Banda la shule limejaa maji, mkutano ukahamishiwa hapa. Nililetewa habari asubuhi, sikuonekana. Halafu walipoketi wakabishana nusu saa, kikao kifunguliwe kwa Fatiha au kwa Baba Yetu. Yeye Bwana Daudi ndipo akatoa shauri kila mtu aombe moyoni mwake, kimya, kwa dini yake. Wakakubali wote. Walikuwa katikati ya dua hiyo nilipowaingilia.

"Na Bi Chausiku?" nikauliza. "Anamlilia nani?"

"Mie nakata vitunguu," akajibu Bi Chausiku. "Nyie mtakula wali mweupe?"

Nikatamani mkeka unifunike. Padre, ambaye ni Mzungu na Kiswahili chake hukitamka neno moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, akamgeukia Mwalimu Petro. "Mwalimu. Mgonjwa wako. Amepata nafuu?"

Shehe naye akamtazama Mzee Kondo. "Na kiuno, mzee mwenzangu?"

Mzee Kondo akatazama angani. Mwalimu Petro akatazama mkeka. Kuku mmoja akapita katikati yetu, taratibu, na yeye anajua yote. Nikasema sasa chama kimekufa, na mie ndiye niliyekiua. Watu watarudi kwao, wenye kanzu huku na wenye kaptura huku, kwa sababu ya ulimi wangu.

Shehe akajikuna ndevu. "Nambieni kitu kimoja," akasema. "Nani hushinda?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili kwa mpigo.

"Wewe umenishinda lini?" Mzee Kondo akaruka. "Juzi umelala na kete mkononi!"

"Nimelala? Si wewe uliyesema nyumba yako ya kete imeliwa na kuku?"

Basi! Watu walicheka mpaka wengine wakalala kwenye mikeka. Padre alivua miwani akaifuta. Shehe akasema, "Sie tumekesha na barua za mialiko tukitafuta namna ya kukaa pamoja, kumbe nyuma ya banda la kuku chama kina miaka." Na mie nikacheka, ndugu zangu. Nilicheka kuliko wote. Nikajua nimepona, na huenda hata ukatibu nikaupata kwa hisani hii.

Ikafika kuchagua katibu. Mzee Kondo akasimama wima, kiuno hakishikwi. Mie nikalinyoosha koti.

"Namtaja Bwana Daudi," akasema.

"Namuunga mkono," akasema Mwalimu Petro, mwenzake hata hajaketi.

Mikono ikapanda yote. Na wangu ukapanda, ningefanyaje?

"Mzee," nikamnong'oneza, "si ulikuwa utani tu ule? Mtani hakasirikiwi!"

"Sijakasirika, mtani wangu. Jogoo wako utapewa, ni haki yako. Ila kura haimo katika utani."

Bwana Daudi akashukuru kwa maneno machache na mazuri. (Hana kasoro, nimeshasema.) Kisha akashuka kwenye mkeka wangu, akanipangusa vumbi begani, akanitazama kifuani. "Fundi," akasema polepole, "naona vifungo vimekwisha."

Nikalivua pale pale, mbele ya dini zote mbili. Ndani nilikuwa na shati lisilo na kifungo hata kimoja.

Msidhani nilitoka mikono mitupu. Shehe alisema chama cha kusaidiana kina misiba, na misiba inataka mtani, na mtani mwenyewe si huyu? Padre akaomba aelezwe mtani ni nini. Akaelezwa. Akasema vema. Nikachaguliwa mtani wa chama, kwa sharti moja, kwamba kabla sijalia niulize nani kafa. Ndilo jambo la kwanza Waislamu na Wakristo wa Temeke kukubaliana bila mabishano, na Bwana Daudi akaliandika kwa mwandiko wake safi, ukurasa wa kwanza.

Mzee Kondo akanisindikiza hadi njiani na jogoo. Nikamwomba radhi, kweli, kwa moyo. "Uliponililia pale nje, mke wangu alikuona dirishani," akasema. "Kanambia. Siku nikifa kweli njoo useme maneno yale yale. Lile la kikohozi usilisahau."

"Na la kiuno?"

"La kiuno liache. Leo kimeanza kuniuma kweli, na sina tena wa kumwambia."

Basi ndiyo hayo. Funzo lake ni dogo. Kabla hujamlilia mtu, hakikisha hayumo ndani anatafuta kiti. Tena nawaombeni sana, msicheke. Anatosha huyu jogoo niliyemfunga kwenye mguu wa cherehani. Tangu tumeingia ndani ananiangalia, anawika, ananiangalia tena, na saa yake ya kuwika haijafika.