Pawabenki na Mlango wa Tisa

Jumatatu, 3 Machi
Jana dada yangu alipiga simu, kama kila Jumapili saa kumi. Yuko nchi nyingine, ana miaka themanini na mmoja. Tunauhesabu mtaa wetu wa zamani mlango kwa mlango, nami naandika, maana mtaa wenyewe haupo tena. Tulipofika mlango wa tisa simu ikazima. Leo nimenunua pawabenki. Muuzaji kaapa inajaza simu mara tano. Fundi saa, jirani yangu wa chini, kacheka: mara mbili, Mzee, tena kwa huruma. Ubishi. Tumepatana nifanye jaribio hadi Jumapili. Nikigusa umeme wa ukutani nimeshindwa.

Jumanne, 4 Machi
Ili simu ijazwe, lazima kwanza iishe. Nimewasha tochi na redio za simu kwa pamoja. Mke wa mwanangu kanikuta nazunguka uani saa sita mchana na tochi. Kauliza, Baba umepoteza nini. Nikamjibu: bado asilimia sitini. Kaenda kuanika nguo. Saa tisa simu imeisha. Nimeijaza. Moja!

Alhamisi, 6 Machi
Ya pili, safi. Ya tatu imegota asilimia arobaini. Fundi saa kaandika "mbili na kipande" nyuma ya risiti ya mteja. Nimepinga. Simu ilikuwa na njaa isiyo ya kawaida.

Ijumaa, 7 Machi
Ugunduzi. Pawabenki ina tundu la kuingiza umeme na tundu la kutoa. Ajabu wataalamu hawakuliona hili. Nimechomeka waya wake, kichwa huku, kichwa kule. Taa zimewaka. Inajichaji yenyewe! Mkwe kachungulia, kasema, Baba, huyo ni paka anajing'ata mkia. Kabla ya chakula cha mchana taa zimezima. Kosa ni la waya. Mfupi mno, umeme unafika kabla haujajiandaa.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi saa kapanda mwenyewe, mpole. Kakiri kwamba naye alishaijaribu hivyo ya kwake, mwaka jana, kwa siri. Tumeungana. Yake inajaza yangu, yangu inajaza yake. Tumekaa benchi moja tukizitazama kama wazazi nje ya chumba cha mtihani. Zimepata moto, kisha baridi. Mkwe kanisihi niichomeke simu ukutani, kesho ni siku ya shangazi, dada yangu, kupiga. Nimemwambia ahadi ni ahadi. Fundi saa katikisa kichwa kwa heshima.

Jumapili, 9 Machi
Saa kumi kamili. Asilimia mbili. Dada kasema, mlango wa tisa ulikuwa wa... Simu ikazima. Nambari yake imo ndani ya simu iliyokufa. Nimekaa kitandani na daftari, mstari wa tisa mtupu. Hapo sikuweza kuulaumu waya.

Mkwe kaingia, simu yake mkononi. Nambari ya shangazi aliiandika nyuma ya kalenda siku niliyonunua pawabenki. Dada alikuwa hewani tayari. Mlango wa tisa, kasema, ulikuwa wetu sisi. Tulisahau kujihesabu.

Nimeandika. 

Kisha kasema sijabadilika hata chembe. Nikiwa na miaka saba nilimwaga mtungi mzima wa maji, kikombe kwa kikombe, nijue unachukua vingapi. Nyumba nzima ikashinda na kiu. Nimemwuliza vilikuwa vingapi. Hakumbuki.

Mkwe ana mtungi wa maji jikoni. Nimeuona. Umejaa.