Herufi B, Droo ya Pili

Ndugu Mhariri Mkuu wa Kamusi,

Natumaini hujambo, wewe na kalamu yako nyekundu iliyonijeruhi juzi.

Mimi ni mkusanyaji wako wa maneno, yule mzee wa meza ya dirishani anayetafuta miwani huku ameivaa. Nalalamika rasmi. Kurasa kumi na nne nilizoandika juu ya neno "baba" umezifyeka, ukabakiza mstari mmoja: "mzazi wa kiume." Jamani! Miaka mitatu ya jasho!

1. Waturuki husema "baba" wakimaanisha kama sisi. Warusi, lo, humwita hivyo mwanamke wa kijijini. Kwa Wajapani ni bibi kizee, na kwa Wahangari ni mtoto mchanga au mwanasesere. Si kwamba wote waliazimana. Kila mahali watoto hubwabwaja, na watu wazima hudaka sauti hiyo wakaipa maana waitakayo. Nawe umeyafuta yote haya kabla ya chai ya saa nne!

2. Kwa ajili ya kurasa hizo nilikosa harusi ya binti yangu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimewafikia Wahangari, ningewaachaje?

3. Mjukuu wangu alipozaliwa, nilikuwa napanga kadi zangu za maneno. Binti akaacha kunipigia simu. Nikashukuru kupata utulivu wa kufanya kazi, mpumbavu mimi.

4. Kwa hiyo naomba kurasa zote zirudi, ziongezwe sita, na picha yangu iwekwe kando ya neno, maana hakuna anayemjua baba kunishinda.

Nisalimie mpiga chapa, mama wa chai, na mlinzi anayenigongea dirisha kunikumbusha kwamba nina kwangu.

Wako mtiifu, toka A hadi tulipofika,
Mkusanyaji wa Maneno

Nyongeza: Nimefungua droo ya pili nikutolee ushahidi. Mfano wa kwanza wa matumizi ni barua ya binti yangu. Ilipofika mwezi uliopita, nilifanya kama tufanyavyo siku zote: nikalipigia mstari neno "Baba", nikatoboa karatasi, nikaifaili. Sikusoma zaidi ya neno hilo. Leo nimesoma:

"Baba, mjukuu wako ameanza kusema ba-ba-ba. Anauambia mlango, anaiambia ndoo, hata mimi ananiita hivyo. Njoo umsikie kabla hajajua maana yake."

Mstari wako uache ulivyo, Ndugu Mhariri. Hata huo mmoja bado sijauweza. Naomba likizo kuanzia kesho asubuhi, na barua hii ya droo ya pili naondoka nayo.