Vita vya Ruffin na Kitambaa Cheupe

Sogeeni, enyi watu wa Kalemie, kutoka stesheni hadi daraja la Lukuga! Zimeni redio, wekeni simu chini, maana nitakayoyasimulia hayajapata kutendeka tangu ziwa liwe ziwa. Namsifu Ruffin, Simba wa Brashi, Mtawala wa Rangi Zisizo na Umbo, mchoraji ambaye mbele ya picha zake hata mama yake mzazi huuliza juu ni wapi.

Adui wake alikuwa kitambaa cha kuchorea: cheupe, kipana, kimetandikwa uani, hakina hata doa. Jumapili ilikuwa siku ya maonyesho katika ukumbi wa parokia, na asipoleta picha, nafasi yake ukutani angepewa Casimir, mchora viboko. Viboko, jamani, tena wenye masikio na macho!

Basi shujaa akatoka kwenda kuuteka uvuvio mjini. Akaikabili kutu ya mabehewa, kutu ikamshinda. Akaizingira mitaro ya soko; ikamnyamazia. Akautazama ukuta wa bandari mpaka askari akamwomba kitambulisho. Akarudi nyumbani mikono mitupu, na njaa juu yake.

Lahaula! Juu ya kitambaa kitukufu walilala ndagala, wale dagaa wa ziwa letu, jeshi zima, wakikauka kwa raha zao, na jirani yake Mama Yvette akiwageuza.

"Ole wangu!" akanguruma Ruffin. "Mama Yvette, unajua umevamia nini? Hapo ulimwengu ulikuwa unangoja kuzaliwa!"

"Pole, Papa Ruffin," akajibu yule mama asiyetikisika. "Kitambaa kikubwa, safi, kimetandikwa kwa jua, na hakina kazi. Hapa kwetu kitambaa kama hiyo njo ya kuanika ndagala. Nikasema, Papa ametutandikia, Mungu amubariki. Sasa makelele ya nini? Ngoja niwatoe."

Akawatoa. Walipolala pakabaki vivuli vya fedha, madoa ya mafuta, magamba, mchanga, na unyayo wa Mama Yvette.

Ruffin akakiinamia kitambaa, akaona ulimwengu umekwisha kuzaliwa. Hakuongeza rangi wala hakufuta kitu. Alichovya brashi, akakusanya nguvu za mababu wote, akaandika jina lake pembeni. Ndicho kitendo chenyewe. Jasho lilimtoka, msicheke.

Jumapili picha ikatundikwa kwa jina la "Ukimya wa Anga", na viboko wa Casimir wakafukuzwa hadi koridoni. Watu wakaja, wakainamisha vichwa, wakakohoa, wakaenda kunywa soda. Lakini paka wa parokia akaketi mbele ya picha, akakodoa macho, akakataa kuondoka hata kwa ufagio.

Ruffin akalia kwa furaha. "Casimir, ndugu yangu, unaona? Kuna wanaoelewa!"

Ndivyo Kalemie, enyi vizazi vijavyo, ilivyompata mpenzi wake wa kwanza wa sanaa ya kisasa, naye ilibidi abebwe ndipo mlango ufungwe.