Mchikichi wa Mama Speciosa

Jumanne, 3 Juni

Tangazo limebandikwa mlangoni pa posta. Maonyesho ya picha za ndege wa porini wa mwambao wetu, Bujumbura, mwezi wa nane. Picha kumi tu zitatundikwa, na jina la mpigaji chini ya kila moja. Jina! Miaka ishirini na miwili nina studio hapa Rumonge. Nimepiga maharusi, vitambulisho, watoto wa ubatizo, marehemu. Picha zangu ziko sebuleni kwa watu mpaka Nyanza-Lac. Jina langu haliko popote. Na tangu simu zijifunze kupiga picha, watu wanapita mlangoni kwangu kama wanapita ukuta.

Asmani, mwenye studio ya ng'ambo ya barabara, alikuwa anasoma tangazo lile lile. Nikajifanya natafuta barua. Akaniuliza kama nitashiriki. Nikamwambia mimi na ndege wapi na wapi. Akasema yeye atajaribu tai wa ziwani, yule anayenyakua samaki. Mjinga! Kanitolea siri yake bure.

Jumatano, 4 Juni

Nimepata ndege wangu. Muuza mawese sokoni anasema Kizuka, kwenye shamba la mjane mmoja, yuko ndege mkubwa mweupe, mabawa yana weusi, uso mwekundu kama kauchovya kwenye mawese. Umbo la tumbusi, lakini anakula chikichi. Tumbusi asiyependa mizoga! Tai wa Asmani atajificha wapi?

Tatizo moja. Nikitaja ndege, Kizuka nzima itajua, na kabla ya sala ya Ijumaa Asmani atakuwa kashajua. Basi sitataja ndege. Shemeji yangu aliwahi kufanya kazi ya kilimo. Nimeazima koti lake la kijani na kofia.

Joanita, mke wangu, ameuliza naenda wapi nimevaa hivyo. Nikasema kazini. Akasema afadhali.

Alhamisi, 5 Juni

Petroli hakuna, kwa hiyo baiskeli. Nimefika Kizuka nimelowa jasho, hali isiyofanana na mtu wa serikali. Hata hivyo Mama Speciosa, mwenye shamba, amenipokea vizuri. Kapita miaka sabini, mgongo bado umenyooka.

"Amahoro, mwanangu. Unatoka kwa leta?"

Nikasema ndiyo, natoka serikalini. Agronomu, bwana shamba. Nakagua michikichi inayougua, na mashine hii inaona ugonjwa kwa mbali. Neno lilitoka lenyewe! Nilijisikiliza kwa mshangao.

Ndege yuko. Kiota chake kiko kwenye mchikichi mrefu kuliko yote, ulioinama kidogo upande wa jirani. Nikainua kamera. Pumzi nimebana. Mzee mmoja akanigusa bega: mgomba wake unakauka majani, afanyeje? Ndege akageuka. Nikapiga mkia.

Nimemwambia mzee amwage majivu.

Ijumaa, 6 Juni

Habari imeenea. Nimekuta watu tisa wananisubiri, mikononi majani ya muhogo yenye madoa, mahindi yaliyotobolewa, nanasi lililooza upande. Mmoja kaleta mbuzi. Wote nimewaambia majivu. Hata wa mbuzi.

Picha arobaini: mikia kumi na minne, bawa moja, mawingu, kisogo cha mwenye mbuzi.

Mchana watu walipopungua, Mama Speciosa aliniletea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani. Akanisimulia habari za ule mchikichi mrefu. Mumewe aliupanda mwaka waliooana. Mwaka uliofuata wakakimbia, sabini na mbili. Mume kafia Tanzania, huko Ulyankulu. Yeye alirudi baada ya miaka thelathini na sita. Nyumba hakuna, njia hakuna, watu asiowajua wanalima. Mti ndio aliutambua. "Nikasema, ah, mulango yangu ilikuwa hapa."

Nilisikiliza nusu. Nusu nyingine ilikuwa juu mtini, maana ndege alikuwa karudi na chikichi mdomoni.

Akaja Karoli, mdogo wa marehemu, anayekaa upande wa pili wa uzio. Wakaanza kusemezana, yeye na shemeji yake. Wakanigeukia. Wakaniuliza kitu. Ndege alikuwa anafungua mabawa, yote mawili, jua nyuma yake! Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikapiga. Picha ikatikisika.

Niliposhusha kamera Karoli alikuwa ananishika mkono kwa furaha. Mama Speciosa kaingia ndani, sahani zangu kaziacha pale pale.

Sijui nilikubali nini. Sikuuliza. Agronomu haulizi.

Jumamosi, 7 Juni

Nilisikia shoka nikiwa bado barabarani.

Nikatupa baiskeli, nikakimbia. Karoli yuko chini ya mchikichi mrefu, shati kavua. Vipande vyeupe vimetapakaa, theluthi ya shina imeshaliwa. Ndege anazunguka juu bila sauti. Nikapiga kelele asimame.

Karoli akashangaa. Miaka mitatu yeye na shemeji wanagombania mti huu: hauzai tena, umeinamia jiko lake, utaua mtu. Jana wameniuliza mimi, mtu wa leta, ukatwe au usikatwe, na mimi nimesema ndiyo mara mbili.

Hapo ningeweza kusema kweli. Nikasema nimefanya uchunguzi mpya. Mashine imeonyesha mti ni mzima.

Karoli akaomba kuona. Akaichukua kamera mkononi mwangu kwa upole, akabonyeza. Mkia. Mkia. Mawingu. Mkia. Mbuzi.

"Ugonjwa iko wapi?" akauliza.

Mama Speciosa alikuwa amekaa kizingitini, kitenge kichwani, macho yamevimba. Nikavua kofia. Nikamwambia mimi si agronomu. Mimi ni Revokatus wa studio, mjini. Nilitaka ndege tu.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana! Alisema tangu jana analia, lakini alikubali, kwa sababu leta ikisema, ugomvi unakwisha, na yeye kachoka kugombana na mtu wa mwisho wa ukoo wa mumewe. Kisha akanitazama.

"Ungenambia unataka ndege. Ndege haiko yangu. Ningekupa kiti."

Karoli aliweka shoka chini. Akasema hakujua kama shemeji alikuwa analia. Alidhani kanuna, kama kawaida. Akaenda kwake, akarudi na miti mitatu minene. Tukauegemeza mchikichi, mimi na yeye, hadi mikono ikachubuka. Akasema jiko ni la matofali mabichi tu, linaweza kuhama.

Tulipomaliza, Mama Speciosa aliniuliza kama katika zile picha zote mti wake umo. Nikatafuta. Haumo. Makuti tu, na ncha zake. Akaenda kubadili kitenge, akarudi, akasimama penye kidonda, mkono juu ya shina. Nikampiga picha moja. Sikuharakishwa na mtu. Ndege sikumtafuta hata kwa jicho.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa nimempelekea picha, nimeichapa kubwa. Aliitazama muda mrefu. Akanipa kalamu, akaniamuru niandike jina langu chini, kwa herufi kubwa, ili mgeni akiuliza nani nusura aangushe mti huu, asihangaike kueleza. Nikaandika. Karoli alicheka mpaka akashika ukuta.

Watu wawili walinisimamisha njiani kunishukuru kwa majivu. Mgomba umepona. Mbuzi pia! Sielewi kabisa.

Jumanne, 15 Julai

Matokeo ya maonyesho. Niliwapelekea mkia ulio bora. Hawakuuchagua. Tai wa Asmani atatundikwa Bujumbura, samaki kwenye kucha, matone ya maji yanahesabika.

Nimekwenda kumpongeza. Chai ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi zaidi. Nikamuuliza alitumia ujanja gani. Akasema hakuna. Aliwaambia wavuvi anataka tai. Wakamwonyesha gogo analokalia, wakamrushia tai samaki, wakamwita Asmani asogee. Siku moja tu. Bahati ya ajabu! Watu wengine hawana hata haja ya kufikiri.

Akaniambia pia kwamba Nyanza-Lac, kwenye kingo ya mto, mdiria wametoboa mashimo ya viota, makumi kwa makumi, wale ndege wavuvi wa madoa meusi na meupe. Kingo iko katikati ya mashamba ya watu waliorudi kutoka Tanzania, ambao mipaka yao bado ni ugomvi. Akapendekeza twende pamoja Jumamosi, tuwaombe wenyewe. Nikamwambia Jumamosi nina harusi.

Nitakwenda Ijumaa. Mambo yote ya Kizuka nimeyatafakari, na kosa langu nimeliona wazi: nilichagua kazi ambayo kila mtu ana swali lake. Safari hii nimepata kamba ndefu, vigingi kumi na viwili na chupa ya rangi nyekundu. Nitapita katikati ya mashamba yao nikipigilia taratibu, mpaka mtoni. Mpima ardhi! Nani atamsumbua mpima ardhi?