Koti la Tantine Pétronille

Jumanne, 5 Machi
Saa sita mchana. Jua kali juu ya mabati ya mtaa wetu wa Bigo. Tantine Pétronille, shangazi yangu aliyenilea tangu nikiwa na miaka sita, amekaa uani ndani ya koti la sufu. Amesinzia, mchicha wa lengalenga mapajani. Tangu Noeli yuko hivi. Hali chakula kingi, ila ananenepa. Sauti iliyoongoza kwaya ya wamama kwa miaka kumi na minane imekuwa nzito kama mlango uliovimba kwa mvua.

Dhana yangu: huzuni. Mama Bernadette, anayesimama kushoto kwake kwayani, anaimezea mate nafasi yake, na tarehe 24 wanachagua kiongozi. Tantine amekata tamaa, mwili umefuata. Huenda nakosea. Lakini nafundisha mbinu za utafiti chuo kikuu, na dhana huthibitishwa kwa jaribio.

Nimelificha koti chini ya kitanda changu. Asiye na koti atatembea ili apate joto.

Jumatano, 6 Machi
Hakutembea. Amejifunga blanketi. Nilimweleza kwamba nje kuna joto. Alinijibu taratibu, akilitafuta kila neno: "Mutoto yangu, baridi haiko inje. Iko mu mifupa."

Kisha akaniomba nimsaidie kulitafuta koti, kwa kuwa siku hizi anasahau anapoweka vitu. Nililipata upesi kuliko ilivyostahili. Alinishukuru mara mbili. Shukrani ya pili iliniuma zaidi.

Jumapili, 10 Machi
Mpango wa pili. Nilimwomba Delphin, mpiga kinanda wa kanisa, aushushe wimbo ngazi kadhaa, ili sauti nzito ya Tantine ionekane imekusudiwa. Delphin ni mtiifu kupita kiasi. Wamama wote walinguruma kama ng'ombe kwenye lango la zizi. Mchungaji alifungua jicho moja.

Tantine alinyamaza kuanzia ubeti wa pili. Njiani alisema tu kwamba labda Mungu ameitumia sauti yake ya kutosha. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, ngozi ikikwaruza kama ganda la muhogo, ingawa hujipaka mafuta kila asubuhi. Nimeliandika hili. Sijui lina maana gani.

Jumatatu, 11 Machi
Mama Bernadette amekuja kumwona mgonjwa, au kuipima nafasi. Mpango wa tatu niliubuni mlangoni: nilimwambia kwamba Tantine amesafiri kwenda mji wa Komanda. Papo hapo Tantine akatokea nyuma yangu, ndani ya koti, akiuliza nani amekuja. Bernadette alisema kwamba Komanda ya siku hizi imesogea karibu sana.

Akaingia, akakaa, akauliza. Baridi ilianza lini? Nywele zinabaki kwenye kitana? Uso unavimba asubuhi? Na choo? Nilitazama dari. Tantine alijibu kwamba hajaenda siku nne.

"Weye Adèle uko na diplome, lakini macho iko wapi?" Bernadette aliniuliza, bila ukali. "Dada yangu mukubwa wa kule Niania alikuwa hivi hivi. Watu walisema iko muvivu. Kumbe ilikuwa ugonjwa wa mu shingo. Mumupeleke wamupime damu."

Nilimuuliza, kwa ubaridi nisiojivunia, kwa nini anajali, ilhali anaitaka nafasi. Alicheka. Alisema hawezi kuanza wimbo hata mmoja asipomsikia Tantine kwanza. Amesimama kando ya sauti ile miaka kumi na minane. Ingepasuka, yeye angekuwa wa kwanza kujua.

Mimi nalala chumba cha pili, na sikujua.

Jumanne, 12 Machi
Kituo cha afya. Muuguzi Fiacre alimpapasa Tantine shingoni, akamnywesha maji ili aone anavyomeza, akahesabu mapigo ya moyo. Ya polepole. Nilimsomea dhana zangu, kurasa tatu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba dalili hizi zaweza kutokana na upungufu wa damu, umri, hata huzuni. Zikikusanyika pamoja hivi, hakisii, anapima. Nilimwonea wivu. Hilo ndilo somo ninalofundisha.

Jumatano, 20 Machi
Majibu ya damu. Tezi ya thiroidi, iliyo mbele ya shingo, inafanya kazi kwa uzembe. Si Tantine aliye mvivu, ni tezi. Daktari wa kituo ameagiza kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Sauti hairudi kwa siku moja, alionya.

Tantine alipokea yote kwa utulivu hadi aliposikia kwamba chai isubiri kidonge. "Sasa chai yangu nayo ilikosa nini?" Hilo ndilo neno la haraka kuliko yote aliyosema tangu Noeli. Nilikwenda kulia jikoni, nikasingizia vitunguu. Hatukuwa na vitunguu.

Jumapili, 24 Machi
Uchaguzi. Mama Bernadette alisimama kwanza, akapendekeza Tantine abaki kiongozi. Yeye ataanzisha nyimbo kwa muda, Tantine akimnong'oneza. Hakuna aliyepinga. Tantine aliupigia wimbo wa kwanza makofi, polepole, na kwaya nzima ikamfuata kwa mwendo wake.

Mvua ilitukuta njiani. Bernadette aliingia kwetu kwa chai, akaitundika sweta yake kwenye kiti ikauke. Alipiga miayo mara mbili. Akasema anahisi baridi. Nilimuuliza kuhusu choo. Akaniuliza kama nina adabu.

Anadai ni mvua tu. Huenda. Mimi ni mtu wa kujitilia shaka, hasa baada ya majuma haya. Lakini dhana huthibitishwa kwa jaribio. Sweta iko chini ya kitanda changu.