Saluti Niliyoupigia Mpira

Leo nimeaibika, wandugu. Nimesimama mguu sawa katikati ya barabara ya Kalundu, mkono kwenye paji la uso, kifua mbele, machozi karibu yatoke kwa kupenda nchi. Na niliyekuwa namheshimu ni mpira wa miguu.

Ngojeni niwaelezee toka mwanzo, halafu mtaniambia nani mwenye kosa. (Minye simo.)

Mnajua nimeacha jeshi, nikashuka toka Lemera, na sasa niko hapa Uvira, napeleka mikate. Wiki ya tatu hii. Shefu wangu, Papa Kashindi, alinichukua kwa majaribio. Alisema mikate ikikosa bato, ile meli ya kwenda Baraka, mara moja tu, nirudi milimani nikalime muhogo. Bato inaondoka saa kumi na mbili jioni. Haingoji hata padri.

Basi saa kumi na moja na kitu nikafunga masanduku mawili ya mikate nyuma ya kinga, baiskeli ya kazi, nikapanda, nikakanyaga pedali. Muda ulikuwa mwingi. Nilikuwa hata naimba.

Nikafika penye ofisi ya kartie, ya wakubwa wa mtaa, yenye mlingoti wa bendera nyuma ya ukuta mrefu unaouficha. Kwetu bendera ikishuka jioni, polisi anapiga filimbi na kila muntu anasimama pale alipo, hata kama amebeba jeneza. Filimbi ya pili ndiyo inakuachilia. Ukitembea katikati, unalala ndani.

Filimbi ikalia. Ndefu.

Kichwa hakikuulizwa. Miguu ilijibu yenyewe. Hiyo ni kazi ya Adjida Bisimwa, mkubwa wetu aliyetuchapa msituni miaka yote ya uasi: bendera ikishuka, hata nyoka akikuuma, usitikisike. Bendera zenyewe zilibadilika mara tatu, fimbo ilikuwa ile ile. Bisimwa leo ana nyumba ya ghorofa. Minye nina miguu inayosikia filimbi.

Nikaegemeza kinga kiunoni, nikapiga saluti. Nyuma yangu moto, pikipiki za abiria, zikazimwa. Wamama wa ndagala wakasimama na mabeseni ya samaki kichwani. Barabara nzima kimya. Nakiri nilifurahi. Tangu nifike mji huu hajanitii hata mbuzi.

Nikangoja filimbi ya pili. Haikuja. Nikangoja. Mama mmoja akauliza polepole ni bendera gani inashuka kama kinyonga. Nikamwambia aheshimu nchi.

Hapo mpira ukaruka juu ya ukuta, ukapiga kinga, kinga ikalala, mikate ikabingirika mpaka mtaroni. Sikutikisika. (Bisimwa angenisifu.) Halafu kichwa kikatokea juu ya ukuta. Ni Matabaro, arbitri wa mechi za vijana wa parokia, filimbi mdomoni. Kumbe kando ya ofisi iko uwanja wa mpira.

"Papa, tupatie mpira."

"Nyamaza weye, bendera inashuka."

Akageuka akaangalia mlingoti. Akaangalia barabara iliyojaa watu wamesimama kama miti.

"Papa, polisi hata hajafika. Filimbi ilikuwa yangu. Tulikuwa tunaanza nusu ya pili."

Sitawaelezea kicheko kile. Dereva mmoja wa moto alicheka mpaka akalala juu ya tangi. Na kule bandarini bato ikapiga honi, ikaenda zake.

Nikasikia mtu anakohoa. Nyuma ya wamama wa ndagala, kofia kifuani, jasho linamtiririka, alikuwa Papa Kashindi. Alinifuata kuhakikisha nimefika.

"Shefu, na weye ulisimama juu ya nini?"

"Nilikuona umesimama. Muntu wa jeshi akipiga saluti, minye ni nani nitembee?"

Akavaa kofia. Tukaokota mikate pamoja, hakuna aliyemtazama mwenzake. Kunifukuza peke yangu hawezi, maana mwenye tanuri ni bibi yake, Mama Furaha, na wamama wa ndagala walifika kwake kabla yetu. Kesho saa moja asubuhi Mama huyo anataka kujua nani anayerudi milimani, minye ao bwana yake.

Basi Matabaro, uko humu kwenye kundi na ujumbe umeusoma, nimeona. Kesho hiyo saa moja uwe penye tanuri, umweleze Mama Furaha ni mechi gani inachezwa muda wote ule bila kosa hata moja la kupigiwa filimbi. Kuja na filimbi hiyo kama ushahidi. Ila usiipige njiani, nakuomba. Nikiisikia sitafika.